Mgeni, Mwenyeji na Mji

Hakuna safari isiyo na hukumu. Mtu aingiapo katika mji asioujua huanza kuuhukumu kabla ya kuutua mzigo wake. Hutazama njia akasema ni chafu au ni safi. Husikia sauti za watu akasema ni wakali au ni wapole. Hulipa nauli akasema ni waaminifu au ni walaghai. Kabla jua halijachwa amekwisha kuandika moyoni mwake kitabu kizima juu ya mji ambao hajaona hata nusu ya vichochoro vyake, na yamkini hatakifuta kitabu hicho maisha yake yote. Akirudi kwao atakisoma mbele ya wenziwe, nao watakiamini kwa kuwa yeye amefika na wao hawajafika. Hivyo ndivyo miji ipatavyo sifa, njema au mbaya, na ndivyo watu wapatavyo majina ambayo hawakujipa wenyewe.

Jambo hili huzidi uzito pale mgeni anapofikia nyumbani kwa mwenyeji. Msafiri aliyelipia chumba chake hana deni kwa mtu. Lakini aliyepokewa kwa hisani, akapewa kitanda, akaandaliwa chakula, akaongozwa njia, huuona mji kwa macho manne: mawili yake na mawili ya mwenyeji wake. Hupita anakopita mwenyeji, huamkia anaowaamkia mwenyeji, na aghalabu huogopa anachokiogopa mwenyeji. Basi hapa huzuka maswali mawili ambayo kijana yeyote anayekaribia kuondoka kwao yampasa kuyafikiri. La kwanza ni hili: mtu huyu ameuona mji, au ameiona nyumba moja tu? La pili ni zito zaidi: akiulizwa habari za mji ule, amtii nani katika jibu lake, shukrani au ukweli?

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Maana yake ni kwamba mgeni hana pa kujificha. Kila atokeapo huonekana na kila mtu. Methali hiyo ni ya kweli, ila husimulia upande mmoja wa habari. Wakati wenyeji wanapomtazama kuku mweupe, kuku naye anawatazama wao. Yeye huonwa na mji mzima kwa siku moja, ilhali mji mzima yeye hauoni kwa siku moja. Kwa hiyo kati ya mgeni na mji hapana usawa wa kutazamana, na hukumu za haraka huzaliwa katika upungufu huo.

Tutafute mfano katika historia ya pwani yetu wenyewe. Mwaka 1331, kama wanahistoria wengi wanavyohesabu, msafiri mmoja kutoka Moroko aliyeitwa Ibn Battuta alishuka na jahazi kutoka Aden, akapita Zeila, akafika Mogadishu, kisha Mombasa, kisha Kilwa. Alikuwa amezaliwa Tangier mwaka 1304, naye alikuwa mwanachuoni wa sheria. Habari alizoziacha ni miongoni mwa chache sana tulizo nazo kutoka kwa mtu aliyeiona miji hiyo kwa macho yake katika karne ile, na kwa sababu hiyo zina thamani kubwa. Jambo linalotuhusu sisi hapa ni namna alivyopokewa.

Anasimulia kwamba jahazi lilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji walitoka kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila kijana alimwendea mfanyabiashara mmoja, akamkabidhi chakula, akatangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule hakufikia ila nyumbani kwa kijana huyo. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake, na ndiye aliyemnunulia alizozihitaji. Mtu aliyenunua kitu kwa mgeni kwa bei ya chini kupita kiasi, au aliyemuuzia kitu pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Ibn Battuta mwenyewe alijiwa na kijana mmoja, lakini vijana walipoambiwa kuwa yeye si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni, walisema huyo ni mgeni wa kadhi. Kadhi akaja pwani pamoja na wanafunzi wake kumlaki, akampeleka kwanza kwa sultani kama desturi ilivyotaka, kisha akakaa katika nyumba ya wanafunzi.

Desturi hii ina mafunzo mawili, nayo hayafanani. Funzo la kwanza ni ukarimu na ulinzi. Mgeni asiyejua bei ya soko ni windo la kila mjanja. Mji uliomwekea mtu wa kumsemea ulikuwa mji wenye ustaarabu. Funzo la pili ni kwamba ulinzi huo ulikuwa pia ni uzio. Mfanyabiashara aliyeuza na kununua kwa mkono wa mwenyeji wake alilijua soko kwa kadiri alivyoambiwa na mwenyeji wake. Bila shaka wengi wa vijana wale walikuwa waaminifu; walakini mwaminifu naye ana biashara yake, jamaa zake na mahasimu wake, na haiwezekani kuuonyesha mji pasipo kuuonyesha kutoka pale aliposimama.

Tazama tena chakula. Ibn Battuta alikula wali uliopikwa kwa samli, wenye vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Alikula ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoandamana na ndimu za achari, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Kwa siku tatu waliletewa chakula mara tatu kwa siku. Akaandika kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula chakula kinachotosha kundi zima la watu wa kwao Moroko, na kwamba watu wa mji ule wana miili minene. Hapana sababu ya kumshuku kuwa amesema uongo. Alikula alichokula na aliona alichoona. Lakini chakula kile kilitoka katika nyumba ya sultani. Je, mchukuzi aliyeshusha mizigo bandarini, mvuvi aliyeleta samaki wale, na mwanamke aliyetwanga mpunga ule, nao walikula samli mara tatu kwa siku? Msafiri hakupelekwa nyumbani kwao. Aliyekula katika sinia ya sultani ameiona sinia ya sultani. Akisema ameiona sinia ya mji, amevuka mpaka wa ushahidi wake.

Kutoka huko alikwenda Mombasa, akalala usiku mmoja tu. Habari alizoziandika juu ya Mombasa ni fupi, nazo hutufundisha kutenganisha aina mbili za maneno. Alisema kwamba misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Kwamba katika kila mlango wa msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili visivyo na kina kirefu. Kwamba watu waliteka maji kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja, wakaosha miguu kabla ya kuingia, kwa kuwa walitembea bila viatu. Maneno kama haya ni hazina. Msomaji wa leo, karibu miaka 700 baadaye, anaweza kukiona kisima kile na kuusikia mlio wa maji. Lakini alisema pia kwamba watu wa Mombasa ni watu wa dini, wachaji na wema. Huenda walikuwa hivyo. Sisi tungependa kuamini hivyo. Lakini ni nani awezaye kuujua wema wa mji kwa usiku mmoja? Kisima huonekana kwa dakika moja. Tabia ya watu haionekani ila kwa majira mengi.

Huu ndio ufunguo wa swali letu la kwanza. Maono ya siku ya kwanza si bure, wala si ukweli wote. Ni sahihi kuhusu kitu kilichotazamwa, nayo huanza kupotoka pale mtazamaji anapoondoka katika kitu akaingia katika hukumu. Tukumbuke pia kwamba Ibn Battuta hakuyaandika mambo haya palepale. Aliyasimulia kwa mwandishi aliyeitwa Ibn Juzayy, na kitabu kikamalizika mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baada ya safari ile. Maono ya usiku mmoja yalikaa kifuani mwake robo ya karne, yakatoka, na tangu hapo yamesomwa duniani kote. Anayedhani kuwa neno la mgeni ni jambo dogo na akumbuke hilo.

Msomaji anaweza kusema: ikiwa mwenyeji humpunguzia mgeni upana wa macho, basi heri kuingia mjini bila mwenyeji. Historia ya pwani hiyohiyo inatupa jibu, na jibu lake ni chungu. Tarehe 7 Aprili 1498, Mreno Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa. Hakuingia bandarini siku ile, wala yeye mwenyewe hakukanyaga mjini. Mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, na machungwa, ndimu na miwa kwa wingi. Nahodha alituma watu wawili nchi kavu, wakapokewa vyema, wakatembezwa mjini, wakarudi na mifano ya viungo na nafaka. Lakini shaka ilikuwa imetangulia mbele yao, kwa sababu ya ugomvi uliotokea kwanza Msumbiji. Siku chache baadaye, marubani waliokuwa merikebuni walijitosa baharini wakakimbia. Wareno wakawatesa mateka wawili kwa kuwamiminia mafuta ya moto mpaka wakasema kwamba kulikuwa na njama. Pengine njama ilikuwapo, pengine haikuwapo. Neno linalotolewa kwa mafuta ya moto haliwezi kumthibitishia mtu mwadilifu lolote, isipokuwa maumivu ya msemaji.

Wakasafiri hadi Malindi, na huko mambo yakawa mengine. Mfalme wa Malindi aliwapokea kwa furaha, akawapa rubani wa kuwafikisha Bara Hindi. Tangu hapo, katika vinywa vya Wareno, Mombasa ikawa mji wa hiana na Malindi mji wa urafiki. Lakini hata Malindi da Gama hakushuka. Aliongea na mfalme majini, kila mmoja katika chombo chake. Hakujua, au alijua bila kujali, kwamba Malindi na Mombasa zilikuwa zikishindana, na kwamba ukarimu wa mmoja wa mahasimu wawili si ushahidi dhidi ya mwingine. Tena katika safari ileile Wareno waliona mabaharia wa Kihindi wakisujudu mbele ya picha takatifu walizoonyeshwa, wakadhani kwamba hao ni Wakristo wenzao. Wanahistoria huona kuwa walikuwa Wahindu. Mtu aliyekosa mwenyeji wa kumfasiria hujifasiria mwenyewe, na katika kila kioo hujiona yeye.

Mwaka 1505 merikebu za Wareno chini ya Francisco de Almeida zilirudi Mombasa, wakauteka mji, wakaupora na kuuteketeza kwa moto. Sitasema kwamba moto ule uliwashwa na maono ya siku ya kwanza peke yake. Tamaa ya biashara na ya mamlaka ndiyo iliyokuwa kuni. Lakini kuni huhitaji kukauka, na hakuna kinachomkausha binadamu machoni pa wenziwe kama sifa mbaya iliyokwisha kuzoeleka masikioni. Mji ukishaitwa mbaya kwa muda, anayeuchoma huona kwamba hakufanya jambo geni.

Basi kuwa na mwenyeji ni bora kuliko kutokuwa naye. Na kuwa naye hakutoshi. Kati ya kweli hizi mbili ndipo penye njia. Nataka kuieleza njia hiyo kwa mfano wa siku zetu.

Tuseme vijana watatu wa shule moja ya bara wanapanda garimoshi la Nairobi, lile la reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, wakashuka Miritini kwenda kuiona Mombasa mara ya kwanza. Wa kwanza amepokewa na mzee wa Mji wa Kale. Asubuhi anakula mahamri na mbaazi. Mchana anapita vichochoro vyembamba chini ya roshani, akitazama milango ya nakshi, mpaka kwenye Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Jioni anaketi barazani akinywa kahawa tungu na kusikiliza wazee wakichambua neno moja kwa saa nzima. Wa pili amepokewa na mjomba wake Changamwe, mfanyakazi wa bandari ya Kilindini. Yeye anaamshwa na ngurumo za malori, anamwona mjomba akirudi kazini alfajiri macho mekundu, na habari anazozisikia ni za makontena, za zamu na za mishahara. Wa tatu amepokewa Likoni na shangazi yake anayeuza mboga. Kila siku kabla ya mapambazuko huvuka naye kwa feri, amebanwa katikati ya umati wa watu, baiskeli na mikokoteni, naye hujifunza kwamba kisiwa ni mahali ambapo maji huamua saa ya mtu kufika kazini.

Wakirudi shuleni watabishana. Wa kwanza atasema Mombasa ni mji wa utulivu na ufasaha. Wa pili atasema ni mji wa jasho na moshi. Wa tatu atasema ni mji wa haraka na msongamano. Kila mmoja atamwona mwenziwe kuwa mwongo, na kila mmoja atakuwa ameusema ukweli wa mlango alioingilia. Kosa lao halimo katika waliyoyaona; limo katika neno dogo "ni". Mtu akisema, "Nilikaa Mji wa Kale siku nne na niliona hivi," hakuna awezaye kumkanusha. Akisema, "Mombasa ni hivi," amejitwalia ufunguo wa milango ambayo hakuibisha hodi.

Miji yenyewe nayo, kama watu, huvaa nguo za kupokelea wageni. Katika barabara ya Moi, mjini Mombasa, zipo pembe kubwa mfano wa pembe za ndovu zinazokutana juu ya barabara, na picha zake zimeenea duniani hata wengi wakitaja Mombasa huziona hizo kwanza. Lakini pembe hizo si za ndovu. Zimefanywa kwa alumini, nazo asili yake ni mapambo yaliyosimamishwa katika miaka ya 1950 kwa heshima ya wageni wa jamaa ya kifalme ya Uingereza. Pambo lililowekwa kwa ajili ya mgeni limekuwa alama ya mwenyeji. Hakuna aibu katika hilo. Hata nyumbani hutandika mkeka mpya mgeni anapokuja. Lakini mgeni mwenye akili hujua kwamba mkeka mpya una siku zake, na kwamba chini yake upo sakafu ambayo watu huikanyaga mwaka mzima.

Sasa tulijibu swali la pili, la shukrani na ukweli. Wako wasemao kwamba mgeni aliyekula chakula cha mji hana ruhusa ya kusema ila mema yake. Neno hili lina sura ya adabu, nasi tumelelewa kuheshimu adabu. Lakini tulipime. Yapo mambo ya aina mbili ambayo mgeni huyaona. Aina ya kwanza ni siri za nyumba: ugomvi wa mke na mume, upungufu wa unga, deni la dukani, maradhi ya mtoto. Haya mgeni aliyaona kwa kuwa aliaminiwa, na kuyatoa nje ni hiana isiyo na udhuru. Aina ya pili ni mambo ya mji: njia zilizojaa taka, watoto wanaolala nje, mzee anayesukumwa kwenye foleni, mtu anayedharauliwa kwa kabila lake au kwa lafudhi yake. Haya hayakufichwa nyumbani kwa mtu. Yako hadharani, na kuyanyamazia si shukrani. Chakula cha mwenyeji ni hisani, si rushwa. Mwenyeji aliyetoa chakula ili kununua sifa alikuwa akifanya biashara, na mwenyeji aliyetoa kwa moyo safi hakuomba uongo uwe malipo yake.

Kinyume chake wako wasemao kwamba ukweli hauna mgeni wala mwenyeji, na kwamba aliyeona ubaya na autangaze siku ileile. Hawa nao wamepita kiasi. Ukweli una haki ya kusemwa, nao una masharti ya kujulikana. Anayetangaza ubaya wa mji kwa maono ya siku moja hajawa shujaa wa ukweli; pengine ni mvivu wa kuutafuta. Mkoba ukiibwa kituoni, mwizi ni mmoja, na mji una watu mamia ya maelfu. Aliyeibiwa ana haki ya kusema, "Niliibiwa." Hana haki ya kusema, "Wale ni wezi." Maneno haya mawili hutofautiana kidogo kwa ulimi na hutofautiana sana kwa matokeo. La kwanza humtafuta mwizi. La pili humwacha mwizi likawashika watu wasio na hatia. Katika nchi kama yetu, yenye makabila mengi na miji inayokusanya watu kutoka kila pembe, neno "wale" limekwisha kuleta machozi ya kutosha.

Kwa hiyo mgeni mwadilifu huweka mifuko mitatu katika moyo wake. Katika mfuko wa kwanza hutia aliyoyaona mwenyewe. Katika wa pili hutia aliyoambiwa, pamoja na jina la aliyemwambia na mahali aliposimama. Katika wa tatu hutia aliyoyadhani. Akiulizwa habari, hutoa katika kila mfuko kwa jina lake, wala hakubali cha mfuko wa tatu kupita kwa vazi la kile cha mfuko wa kwanza. Kazi hii ni ndogo kwa maelezo na ni kubwa kwa matendo, maana dhana zetu hupenda sana kujifanya macho.

Mwenyeji naye ana wajibu wake. Rudi kwa desturi ya Mogadishu utazame sehemu moja ambayo niliiacha makusudi. Ibn Battuta alisema kwamba wafanyabiashara waliokwisha kuja mara nyingi, wakawajua watu wa mji, hao walikaa popote walipopenda. Hapa ndipo penye hekima ya ukarimu. Mwenyeji hakuwekwa amfunge mgeni milele. Aliwekwa ampokee mpaka aweze kwenda peke yake. Mwenyeji mwema huonyesha njia ya sokoni siku ya kwanza, humpeleka mgeni kwa jirani asiyefanana naye siku ya pili, na siku ya tatu humwambia, "Leo nenda mwenyewe, ukipotea uliza, na ukirudi unieleze ulichokiona." Wahenga waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wengi hucheka wakidhani ni neno la kumchosha mgeni. Kwa kweli ni neno la heshima. Anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa hapo. Ameachishwa kutazama ameanza kushiriki, na aliyelima shamba pamoja na watu huwajua kuliko aliyewatazama wakilima.

Lipo jambo moja ambalo wenyeji hupoteza wasipomsikiliza mgeni. Mtu aliyezoea harufu ya nyumba yake haisikii tena. Mkaa mjini hupita kila siku penye mfereji uliovunjika hata akadhani kwamba mifereji huumbwa imevunjika. Tena hupita penye mlango wa nakshi uliochongwa na fundi hodari, asiinue macho. Mgeni huona vyote viwili katika asubuhi moja. Ndiyo maana ikasemwa, mgeni njoo mwenyeji apone. Yamkini dawa hiyo anayokuja nayo mgeni ni macho ambayo hayajachoka. Walakini dawa ina kipimo, na mgonjwa hainywi kutoka kwa mtu anayemtukana.

Vijana, muda si mrefu wengi wenu mtaondoka makwenu. Mtakwenda Nairobi, Kisumu, Eldoret, Mombasa, na wengine nje ya mipaka ya nchi, kwa masomo au kwa kazi. Karibu kila mmoja atafikia kwanza kwa mtu: kwa ndugu, kwa jamaa wa kijiji, au kwa mtu asiyemjua aliyeombwa kwa barua. Mshukuruni mtu huyo, maana bila yeye mji ungewameza. Tazameni anachowaonyesha, mkijua kwamba ni chumba kimoja cha nyumba kubwa. Kisha tokeni polepole, mkabishe hodi milango mingine, hasa ile ambayo mwenyeji wenu haingii. Mkiandika barua nyumbani, andikeni kuhusu kisima na kata ya kutekea maji, kuhusu njia na feri na bei ya mboga. Hukumu juu ya watu iacheni mpaka mtakapokuwa mmewaona katika furaha na katika msiba.

Na siku moja mtakuwa wenyeji. Kijana mgeni atabisha mlangoni penu amechoka, mzigo begani, na mji mzima kwake utakuwa ni uso wenu. Atakayoyaona usiku ule huenda akayasimulia kwa watu ambao ninyi hamtawaona kamwe, katika miji ambayo hamtaikanyaga. Mpeni chakula chenu cha kila siku, mwambieni habari za mji wenu bila kuficha taka wala kusahau nakshi, kisha mfungulieni mlango atoke. Mji hauna ulimi wa kujitetea. Husemewa na wale waliolala ndani yake.